Alichomwa Sindano Machi, Akaletewa Mke Mwenza Desemba: Hesabu Iliyoiponza Kapo Moja ya Bariadi

Wadau, fungua Instagram sasa hivi upitie posti kumi tu. Lazima ukutane na mtu anauza dawa ya kusafisha kizazi. Chupa ina picha ya majani, chini kuna namba ya WhatsApp, juu maneno makubwa: ulitumia sindano za uzazi wa mpango na sasa hushiki mimba? Sumu bado ipo, njoo inboksi. Komenti zimejaa "bei?", "nipo Bariadi napataje?", "Maswa mnatuma?". Mzigo unapakiwa Mwanza asubuhi, unapita Lamadi, jioni mtu ameshaupokea stendi ya Bariadi.

Sasa tangazo la aina hiyo lina kipande kimoja cha ukweli na vipande tisa vya biashara. Kipande cha ukweli ni kwamba dawa ya sindano hukaa mwilini muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Vile vipande tisa vingine ndivyo vinavyomaliza hela za wadada na kuvunja nyumba za watu.

Kuna kapo moja pale Bariadi yamewakuta. Ubuyu wao umezunguka mji mzima, kuanzia sokoni mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp, na karibu kila aliyeusimulia aliusimulia kichwa chini miguu juu. Majina kapuni, maana wana watoto na bado wanaishi hapo hapo mjini. Ila hesabu yao kila msichana inabidi aijue. Na kila mwanaume pia, tena mwanaume zaidi.

WALIKUTANA NYAKABINDI

Bidada ni wale ambao ukiwa Bariadi unamfahamu hata kama hujawahi kuongea naye. Duka la vitenge na nguo za kina mama, stetasi ya WhatsApp haikauki, kila mzigo mpya anauvaa mwenyewe anajipiga picha. Jamaa yake ni mtu wa mazao: choroko, dengu, pamba msimu ukifika. Mtu wa pikipiki na daftari la madeni.

Walikutana Agosti 2019 pale Nyakabindi, mwaka ambao Nanenane ya kitaifa ilifanyika Simiyu. Yeye alikuwa na meza ya vitenge, jamaa alikuja kuangalia mashine za kilimo, mashine akazisahau. Mwaka haujaisha, ng'ombe wakapelekwa ukweni. Na Usukumani ng'ombe wakishahesabiwa, hakuna anayesahau idadi. Binti yao wa kwanza akazaliwa Septemba 2020.

Desemba mwaka huo huo bidada akaanza sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Jamaa hakuambiwa.

Kabla hujaanza kumrushia mawe, angalia alikuwa anaishi wapi. Tanzania nzima, kwa utafiti wa taifa wa afya wa 2022, mwanamke mmoja huzaa wastani wa watoto 4.8, na Kanda ya Ziwa iko juu ya wastani huo. Huko mtoto ni mkono wa shamba, ni mchungaji, ni jina la babu. Na ni hapo hapo Simiyu, wilayani Meatu, ambapo Septemba 2018 Rais John Magufuli alisimama mkutanoni akasema kwamba watu wenye ng'ombe na mashamba wanaweza kulisha watoto wao, hakuna haja ya uzazi wa mpango. Mwezi huo huo wizara ikaagiza matangazo ya uzazi wa mpango yasimamishwe redioni na kwenye TV. Kliniki hazikufungwa, dawa zilikuwepo na zinatolewa bure. Lakini lile neno lilishaingia sebuleni kwa mama mkwe, na neno la Rais halitoki sebuleni kirahisi.

Kwa hiyo bidada akachagua njia isiyo na ushahidi. Kijiti mtu akikushika mkono anakigusa. Vidonge lazima uvifiche mahali. Sindano unaingia kliniki na mtoto mgongoni kama unampeleka kupima uzito, unatoka umemaliza. Kinachobaki ni kadi tu, na kadi aliificha ndani ya boksi la vitenge. Akachoma sindano 10 bila kukosa, kila baada ya miezi mitatu. Ya mwisho ilikuwa tarehe 10 Machi 2023. Duka lilikuwa limesimama, mtoto amekua, Juni ilipofika hakurudi kliniki. Akamwambia mumewe, "Baba watoto, sasa tumtafutie huyu mdogo wake."

Juni ikapita, Julai ikapita. Pamba ikauzwa ikaisha. Oktoba mama mkwe akaja kukaa wiki mbili, siku moja akafungua lile boksi akitafuta kitenge cha kwenda nacho msibani. Akakutana na kadi.

SINDANO IMECHOMA KIZAZI

Mama hakupiga kelele. Alimsubiri mwanawe arudi, akamuwekea kadi mezani pembeni ya ugali. Jamaa akasoma ile tarehe, akahesabu kwa vidole: Machi mpaka Oktoba, miezi saba. Sindano ni ya miezi mitatu, na miezi saba imepita. Kwa akili ya kawaida dawa iliisha Juni. Sasa kama dawa iliisha Juni na mimba hakuna, basi kuna kitu kimeharibika.

"We mama," mkwe akamwambia bidada kesho yake asubuhi, hata salamu hakuitikia, "umejichoma kizazi kwa mkono wako mwenyewe."

Hapo Kiswahili chenyewe kimechangia. Kuchomwa sindano na kuchomwa moto ni kitenzi kile kile. Ukishasema binti kachomwa sindano ya uzazi, nusu ya kazi ya umbea umeshaifanya. Neno linatoka hapo linaenda sokoni limeshakuwa "kizazi kimeungua", likifika Somanda limeshakuwa "alitolewa kizazi kabisa". Kuna mtu akatuma voisi ya dakika tatu kwenye grupu la vikoba, hakutaja jina, ila akataja duka.

Bidada mwenyewe naye akaamini. Hilo ndilo linalouma. Aliyejua tarehe zote, aliyekaa kwenye foleni mara kumi, hakuwa na jibu, maana siku anaanza hakuna aliyemwambia dawa inatokaje mwilini. Aliambiwa anaweza asione siku zake, anaweza kunenepa kidogo, rudi tarehe fulani, anayefuata. Akanunua ile chupa ya Instagram, elfu 60. Akamaliza, akanunua ya pili.

SASA SINDANO INAFANYAJE KAZI?

Watu wanasema "sindano za homoni" kama vile ni kitu kimoja. Sio kimoja. Zipo zenye estrojeni na ipo isiyo nayo, na ukizichanganya ndipo hesabu inapoharibika.

Anza na zenye estrojeni. Mwili wa mwanamke unatengeneza estradioli, ndiyo estrojeni yenyewe kubwa. Ukiichukua estradioli tupu ukamchoma mtu, haikai, ini linaimaliza upesi. Kwa hiyo tangu miaka ya 1930 wanakemia walicheza mchezo mmoja wa akili: waliifunga homoni kwenye mkia wa asidi. Muungano huo unaitwa esta. Homoni yenye mkia haipendi maji, inapenda mafuta. Ukiiyeyusha kwenye mafuta ukaichoma kwenye msuli, inabaki pale kama kidimbwi, inavuja kuingia kwenye damu kidogo kidogo. Ikishafika kwenye damu, vimeng'enya vinaukata ule mkia, estradioli inabaki huru, ndiyo inaanza kazi.

Mkia ndio unaoamua siku. Chukua dozi ile ile, miligramu 5 kwenye mafuta. Yenye mkia wa benzoati inapandisha estrojeni kwa siku 4 hadi 5. Yenye mkia wa valerati, siku 7 hadi 8. Yenye mkia wa saipioneti, kama siku 11. Homoni ni moja, kilichobadilika ni mkia tu.

Esta hizo ndizo zinazowekwa kwenye sindano za kila mwezi. Aina moja ina miligramu 5 za estradioli saipioneti na miligramu 25 za medroksiprojesteroni asetati. Nyingine ina miligramu 5 za estradioli valerati pamoja na norethisteroni enanthati miligramu 50. Zimetumika sana Amerika ya Kusini. Ile estrojeni imewekwa ili mwanamke aendelee kuona siku zake kwa utaratibu. Na kwa kuwa inatoka haraka, akiacha sindano hizi kwa wastani anashika mimba kama miezi 5 baada ya sindano ya mwisho.

Ya bidada haikuwa hiyo. Ya miezi mitatu, ambayo wengi wanaiita Depo, haina estrojeni hata chembe. Ndani kuna medroksiprojesteroni asetati peke yake, miligramu 150 ndani ya mililita 1. Hiyo ni ndugu wa projesteroni, homoni nyingine kabisa. Nayo ni esta, lakini haisubiri mtu aikate mkia, inafanya kazi hivyo hivyo ilivyo. Na haimo kwenye mafuta. Ni fuwele ndogo ndogo zinaelea kwenye maji, ndio maana nesi anakitikisa kile kichupa kabla ya kuvuta dawa, na dawa inatoka nyeupe kama maziwa.

Zile fuwele hazitaki kuyeyuka. Unalijua jiwe la chumvi ambalo wafugaji wanawawekea ng'ombe? Ng'ombe analamba leo, analamba kesho, wiki ijayo jiwe bado lipo, limepungua kona tu. Sindano ya miezi mitatu ni jiwe la chumvi ndani ya msuli wako, na damu ndiyo ng'ombe. Ndio maana wanakukataza kupakanda pale ulipochomwa. Bibi akikuletea kitambaa cha maji ya moto, mshukuru, ila usikubali. Ukikanda, jiwe linaisha haraka na ulinzi unaweza kuisha kabla ya tarehe.

Ikishaingia kwenye damu, dawa inazuia ile ishara inayotoka kwenye tezi ya kichwani kwenda kulipevusha yai. Yai halitoki. Ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito, mbegu zinakwama. Na ukuta wa ndani wa kizazi unakuwa mwembamba, kwa hiyo mwezi ukiisha hakuna cha kutoka. Baada ya mwaka mmoja wa kutumia, kama wanawake 55 kati ya 100 hawaoni kabisa siku zao. Wale wanaosema damu imejaa tumboni imekuwa uvimbe, hapana. Damu haijajaa popote. Haikutengenezwa.

MIEZI MITATU NI TAREHE YA KURUDI, SIO TAREHE YA DAWA KUISHA

Hii sentensi ingewekwa kwenye ukuta wa kila kliniki.

Dawa inapanda kwenye damu mpaka kilele kwenye wiki ya tatu hivi, halafu inaanza kushuka taratibu. Vipimo vinaacha kuiona kati ya siku ya 120 na siku ya 200. Rudia kusoma: mpaka siku 200, yaani miezi sita na nusu. Miezi mitatu ni ule muda ambao karibu kila mwanamke bado ana dawa ya kutosha kumlinda. Baada ya hapo kuna anayebaki nayo kidogo na kuna anayebaki nayo sana. Ndio maana Shirika la Afya Duniani linaruhusu mtu aliyechelewa tarehe yake mpaka wiki 4 achomwe tu bila wasiwasi. Wanajua jiwe bado lipo.

Na hata dawa ikiisha, mwili haurudi kazini siku hiyo hiyo. Unaamka polepole. Kwa wanaoacha sindano hii ili wapate mtoto na wakampata, mwanamke wa katikati kabisa kwenye foleni anashika mimba miezi 10 baada ya sindano ya mwisho. Wapo waliowahi miezi 4, wapo waliokwenda mpaka 31. Ndani ya miezi 12 wameshashika 68 kati ya 100. Ndani ya miezi 15 wamefika 83. Ndani ya miezi 18 wamefika 93. Na kuna kitu kitawashangaza wengi: haijalishi ulichoma sindano 2 au 20. Hazirundikani. Ya mwisho ndiyo inayohesabiwa.

Kwa hiyo ile miezi saba ya jamaa, aliyoihesabu kwa vidole pembeni ya ugali, ilikuwa bado haijafika hata katikati ya foleni.

KALENDA YA NESI

Katikati ya Novemba bidada akaenda kituo kimoja cha afya, safari hii hakwenda kwa siri. Alikuwa ameshaambiwa na shoga yake kwamba mumewe ameonekana Itilima mara mbili, kwenye nyumba yenye binti. Akamkuta nesi mtu mzima, akamwamkia, akamwagia yote mezani: kadi, chupa mbili tupu, machozi.

Nesi hakushika chupa. Alitoa kalenda ya ukutani na kalamu.

"Mama, umeanza kutafuta mtoto lini?"

"Machi."

"Machi ndiyo umechomwa." Akazungushia tarehe 10. Akaenda Juni, akazungushia. "Hapa ulitakiwa urudi, hukurudi, lakini dawa ilikuwepo." Akahesabu siku 120, kalamu ikatua tarehe 8 Julai. Akahesabu mpaka 200, ikatua tarehe 26 Septemba. "Kwa mtu ambaye dawa inamtoka pole pole, imemalizika hapa. Leo ni Novemba. Wewe huna miezi minane ya kutafuta mtoto mwanangu. Inawezekana kabisa una mwezi mmoja na nusu."

Halafu akauliza swali ambalo katika kelele zote za mji mzima hakuna aliyeliuliza. "Na baba watoto yupo?"

Bidada akafikiria. Oktoba alikuwa anapeleka dengu Mwanza. Kabla ya hapo alikuwa Meatu kwenye madeni. Na tangu kadi ionekane, hata akiwa nyumbani analala chumba cha mtoto.

"Basi," nesi akasema, "hata sindano isingekuwepo, mimba ingeingia na nani?"

Akamwambia aje na mumewe wiki inayofuata, wapewe maelezo wote wawili, ikibidi wapimwe wote wawili. Bidada akapiga picha ile kalenda kwa simu. Jioni akamuonyesha mume. Jamaa akaiangalia kwa muda mrefu, kuliko bidada alivyotegemea, akarudisha simu. "Hayo mambo ya kliniki ni ya wanawake," akasema. Halafu akaongeza lile ambalo kumbe ndilo lilikuwa linamkaa rohoni muda wote. "Shida sio sindano. Mara kumi umetoka humu ndani ukaenda kule ukarudi, na mimi sijui."

Hapo bidada hakuwa na kalenda ya kumuonyesha.

Desemba ng'ombe wakavuka kwenda Itilima. Mke mdogo akaingia kabla ya Krismasi. Wiki za katikati mpaka wazee wakae, maana jamaa hakumuacha mkubwa, akaanza kugawa siku zake kwenye nyumba mbili. Februari 2024 bidada akakosa siku zake, ambazo zilikuwa zimerudi mwezi wa kumi na mbili tu. Akapima: mistari miwili. Miezi 11 baada ya sindano ya mwisho. Kawaida kabisa, wala sio muujiza, wala sio ile chupa ya elfu 60, ingawa muuzaji alipopata habari alipost kwamba ni mteja wake.

Mama mkwe alikuja na michembe na kuku wawili. Hakuomba msamaha, ila alichinja kuku mwenyewe, na mwenye kujua anajua. Mtoto ni wa kiume. Nyumba sasa ina wake wawili, na yule binti wa Itilima hana kosa lolote katika hii stori. Alikuja kuziba pengo ambalo lingejiziba lenyewe baada ya wiki nane.

SINDANO NAYO SIO MALAIKA

Isije ikaonekana hapa sindano inapigiwa debe. Ina yake. Wapo wanaotokwa damu ovyo ovyo miezi ya mwanzo mpaka wanaacha. Wapo wanaoongezeka uzito, kilo moja au mbili kwa mwaka. Inapunguza uimara wa mifupa wakati unaitumia, na tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo hilo kwenye boksi. Ukiacha, mifupa inajirudi kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2024 utafiti wa Ufaransa ulionyesha kwamba wanaotumia muda mrefu wana hatari kubwa zaidi ya kupata uvimbe fulani wa kwenye utando wa ubongo, japo wenye uvimbe huo ni wachache. Ukiwa na kichwa kisichopona au macho yanafifia, sema kliniki.

Kuhusu Ukimwi, ule uvumi kwamba Depo inaleta VVU ulipimwa kwa wanawake 7,829 katika nchi za Kenya, Afrika Kusini, Zambia na Eswatini, majibu yakatoka 2019: hakukuwa na tofauti kubwa ya maambukizi kati ya sindano, kijiti na kitanzi. Lakini haizuii pia. Kondomu iko palepale.

Kuchoma kizazi, hapana. Hilo haimo.

UKITAKA KUACHA, HESABU HIVI

Andika tarehe ya sindano ya mwisho. Hiyo ndiyo mwanzo wa hesabu, sio tarehe uliyotakiwa kurudi.

Unataka mtoto mwakani? Acha sindano mapema, usisubiri mwezi unaoutaka. Kama unataka mtoto haraka ukiacha tu, muulize nesi kuhusu kijiti, kitanzi au vidonge kabla hujaanza sindano. Hizo ukiacha, mwili unarudi upesi zaidi.

Hutaki mimba? Usijifiche nyuma ya hizi siku 200. Kuna wanaoshika mwezi wa nne. Rudi tarehe yako.

Hakuna dawa ya hospitali wala ya chupa inayoitoa sindano mwilini. Haipo. Ikishachomwa, inasubiriwa. Anayekuuzia kitu cha kuisafisha anakuuzia muda ambao ungepita wenyewe bure.

Miezi 12 imepita tangu sindano ya mwisho na hujaona siku zako, au miezi 18 na hakuna mimba, nenda hospitali. Na usiende peke yako. Mwanaume naye ana vipimo vyake, na havina maumivu yoyote zaidi ya aibu.

La mwisho ni gumu kuliko yote, wala haliko kwenye karatasi ya dawa. Siri nayo inakaa mwilini. Kuna wadada ambao wakisema tu wanapigwa, hao wana sababu zao na nesi anazijua. Lakini kama una mtu wa kuambilika, mwambie kabla kadi haijasema. Na wewe mshikaji, kama mkeo anaona ni salama zaidi kuongea na foleni ya kliniki kuliko kuongea na wewe, jiulize nyumbani kwako neno linapokelewaje.

Haya wadau, uwanja wenu. Kule kwenu wanahesabu kuanzia lini? Na hivi bidada alikosea kuficha, au jamaa alikosea kukimbilia ng'ombe? Dondosha komenti hapo chini, ila majina yabaki kapuni.